Maneno ya Karatasi: Tuyatamke Tunavyoweza, Lakini Tuyajue Maana
(Hotuba mbele ya wafanya kazi na wakaaji wa mji)



Leo tutazungumza juu ya maneno. Si maneno ya ugomvi. Ni maneno ya karatasi, yale ya Kifaransa tunayopewa kwenye dirisha la biro. Sisi makarani tunayaandika kila siku, na tunaona watu wakipokea karatasi, wakiitazama, wakinyamaza. Mtu anayeshuka chini ya ardhi bila woga anaogopa kuuliza neno moja. Kwa nini? Anadhani akilitamka vibaya atachekwa.

Basi tuondoe kwanza haya hiyo. Nani amepokea neno la mgeni bila kuligeuza? Wareno walifika kwenye mdomo wa mto wetu mkubwa mwaka 1482. Wakongo wa kule waliuita nzadi, maana yake mto mkubwa. Ulimi wa Wareno ulishindwa, wakasema Zaire. Na neno hilo lililopindika likawa jina la nchi yetu nzima, tangu 1971 mpaka 1997! Sisi nasi tulichukua neno lao capitão, tukasema kapita. Tukachukua mesa, tukasema meza. Lugha yetu inapenda kila kipande cha neno kiishie kwa a, e, i, o ao u. Kwa hiyo syndicat imekuwa sendika, na avance imekuwa avansi. Huo si ujinga. Ndivyo lugha zote zinavyofanya.

Lakini kutamka ni jambo moja, kujua maana ni jambo lingine. Ulimi ukikosea, hakuna franka inayopotea. Maana ikikosekana, zinapotea nyingi. Tutazame maneno machache.

Brut na net. Hapa herufi t ya mwisho inasikika: bruti, neti. Brut ni mshahara wote kabla ya kukatwa kitu. Net ni ule unaofika mkononi. Mtu akikuahidi mshahara, umuulize ni upi kati ya hiyo miwili.

Préavis. Hapa s haisikiki: pre-a-vi. Pré ni kabla, avis ni taarifa. Ni taarifa inayotolewa mapema, kabla kazi haijakatika. Anayemwachisha mtu kazi inampasa aitoe, na anayeacha kazi vilevile.

Solde. Ukisema le solde, ni baki ya hesabu. Ukisema la solde, ni mshahara wa askari. Tazameni jinsi neno dogo la mbele linavyogeuza maana! Na solde de tout compte ni baki ya mwisho ya hesabu zote: anayekulipa anataka kusema kwamba hana deni tena kwako. Wakati wa miaka 2003 na 2004, wafanya kazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa départs volontaires. Départ ni kuondoka. Volontaire ni kwa hiari. Wengi wao walidai kwa miaka mingi kwamba fedha waliyopewa haikufikia haki yao. Basi mjue uzito wa neno hilo volontaire: anayelitilia sahihi anasema kwamba yeye mwenyewe alitaka.

La mwisho ndilo kubwa: Lu et approuvé. Kwa ulimi wetu: li e apruve. Maana yake: imesomwa na imekubaliwa. Watu huambiwa waliandike kwa mkono wao juu ya sahihi, na tunaona wengine wakilinakili herufi kwa herufi toka karatasi ya mwenzao, kama mtoto anayechora nyumba. Mtu huyo amesema nini? Amesema amesoma, naye hakusoma. Amesema amekubali, naye hajui alichokubali. Kesho akilalamika, ataonyeshwa mwandiko wake mwenyewe.

Kwa hiyo, wandugu, kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo matatu: Neno hili maana yake nini? Hesabu hii imetoka wapi? Nakala yangu iko wapi? Mkinyimwa jibu, ombeni mpewe siku, mpeleke karatasi kwa sendika ao kwa mtoto aliyesoma. Ninyi mama mnaotunza karatasi katika sanduku, msiitunze tu, msomewe. Na ninyi makarani wenzetu, mtu akiuliza msimcheke. Masomo tuliyopewa si pazia la kuwafichia wenzetu hesabu zao.

Tamkeni mnavyoweza. Ulizeni mpaka mwelewe. Kisha ndipo mtie sahihi, ao mkatae.