Majina ya Sandukuni

Leo twawaomba mfungue Injili ya Mathayo, sura ya kwanza, ile sura ambayo wengi wetu huiruka. Ni majina matupu, baba baada ya baba, na msomaji wa zamu akipangiwa somo hilo siku ya Jumapili hutokwa na jasho kabla hajafika kwa Daudi. Lakini wako watu ambao kazi ya majina ndiyo furaha yao, na habari zao zaweza kutusaidia kuisoma sura hiyo vizuri zaidi.

Watu hao huwaona katika vijiji vya Uingereza. Hutoka London, na wengine hutoka mbali kama Kanada na Australia, wakitafuta habari za babu zao waliokuwa wakulima na wachungaji wa kondoo. Huanza na wazazi wao wenyewe, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua. Vyeti vya serikali vya kuzaliwa na kufa huwafikisha hadi tarehe 1 Julai 1837, ndipo vilipoanza. Hesabu ya watu ya mwaka 1851 huwaonyesha kila mtu alizaliwa parishi gani. Wakiisha kuijua parishi, hapo hawana budi kuuliza vitabu vya kanisa, kwa maana mtu maskini wa kijijini kabla ya siku hizo mara nyingi hakuandikwa mahali pengine po pote.

Vitabu hivyo vilianza mwaka 1538. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliagiza kwamba kila Jumapili kasisi aandike, mbele ya mzee wa kanisa, majina ya waliobatizwa, waliooana na waliozikwa juma lile. Kitabu kiwekwe katika sanduku lenye kufuli mbili, kasisi awe na ufunguo mmoja na wazee wawe na wa pili. Watu wakanong'ona kuwa ni hila ya kutoza kodi. Nayo kodi ilikuja kweli, ingawa ilichelewa miaka 245: mwaka 1783 Bunge liliamuru kila jina litakaloandikwa lilipiwe peni 3. Maskini walisamehewa, lakini ili ijulikane kuwa wamesamehewa, makasisi wengi waliandika herufi P kando ya majina yao, yaani fukara. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1794. Herufi hazikufutwa.

Hapa ndipo shida inapoanza kwa huyo mtafutaji. Mara nyingi alikuja akitumaini kukuta bwana mkubwa katika ukoo wake. Siku hizi vitabu vingi vya zamani havimo tena makanisani. Kanuni ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1978 iliagiza vya zamani sana vipelekwe katika hifadhi za nyaraka. Basi huketi huko, akapekua, akamkuta babu wa babu yake. Kando ya jina pana herufi P. Akirudi nyuma kizazi kimoja zaidi, hukuta ubatizo wa mtoto mwenye mama tu, na neno moja limeongezwa, kwamba mtoto huyu ni wa haramu.

Tusipite haraka hapa, wapenzi. Kwa sheria ya mwaka 1601 kila parishi ilipaswa kuwalisha maskini wake kwa fedha iliyotozwa wenyeji. Na mtoto wa nje ya ndoa, kwa muda mrefu, alihesabiwa kuwa wa parishi ile alikozaliwa. Basi msichana asiye na mume akionekana ana mimba, wako waliomharakisha kumvusha mpaka, ili uchungu umshike katika parishi ya jirani na gharama iwe juu ya wengine. Waliofanya hivyo walikuwa wazee wa kanisa na wasimamizi wa maskini. Watu wale wale waliosimama karibu na birika la ubatizo Jumapili, siku ya Jumatatu walikuwa wakihesabu gharama ya tumbo la msichana. Kasisi naye akaandika lile neno kando ya jina la mtoto aliyekuwa amekwisha kumpokea kwa Kristo kwa maji. Sisi tulio Waanglikana tulirithi kutoka huko desturi ya vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko, na kwa hiyo habari hii si ya kijiji cha mbali tu.

Sasa rudini katika Mathayo. Kati ya wale baba wote wametiwa wanawake kadha wa kadha kabla ya kufika kwa Mariamu. Tamari, aliyepata watoto kwa baba mkwe wake. Rahabu, mwanamke wa Yeriko ambaye kazi yake yajulikana. Ruthu, Mmoabi, mgeni. Na mke wa Uria, ambaye hata jina hakupewa, bali ametajwa kwa mume aliyeuawa kwa ajili yake. Mathayo angeweza kuwaacha, na hakuna ambaye angemwuliza. Hakuwaacha, wala hakuandika herufi yo yote kando yao. Ndio bibi zake Bwana wetu.

Liko jina jingine ambalo twataka mlisikie. Katika uwanja wa kanisa la Oxhill, kijiji cha wilaya ya Warwickshire, pana jiwe la kaburi la mwanamke aliyeitwa Myrtilla. Jiwe lasema alikuwa Mweusi, mtumwa wa Bwana Thomas Beauchamp wa Nevis, kisiwa cha mashamba ya miwa katika bahari ya Karibi. Alibatizwa tarehe 20 Oktoba, akazikwa tarehe 6 Januari 1705. Asiyejua kalenda ya zamani angedhani alizikwa kabla ya kubatizwa. Lakini siku zile mwaka wa Waingereza ulianza Machi 25, na kwa hesabu yetu Januari hiyo ilikuwa ya 1706. Kati ya ubatizo na kaburi ni siku 78.

Alikuwa Mkristo kwa siku hizo 78, na siku zote hizo alikuwa mali ya mtu. Jiwe halikuona haya kuyasema yote mawili. Mwaka 1729 wanasheria wakuu wawili wa Uingereza walitoa maoni yao kwamba ubatizo haumfungui mtumwa, na wenye mashamba wakashangilia.

Jina la Myrtilla alipewa. Jina alilopewa na mama yake haliko juu ya jiwe, wala baba yake hatajwi, wala kabila lake. Wakulima wengi wa Oxhill wa siku zake walizikwa pasipo jiwe lo lote, na wajukuu zao waendao huko leo hawajui wasimame wapi. Jiwe lake bado lasimama nje ya kanisa. Atakayelisoma kwa sauti, na amwombee yule mama.