Muscat Inapokusalimu kwa Kiswahili

Msikilizaji, ukishuka Muscat mwezi wa Juni, cha kwanza kukupokea ni joto. Hata iwe saa sita za usiku, ukitoka tu nje ya uwanja wa ndege miwani inashika ukungu na pumzi inakuwa nzito. Asubuhi yake unaona mji uliojinyoosha kando ya bahari, kutoka Mutrah hadi Seeb, nyumba nyeupe, nyingi fupi, na nyuma yake milima mikavu isiyo na mti. Barabara pana, safi, magari yanapita kwa kasi, lakini waenda kwa miguu huwaoni. Aliyezoea Kariakoo au Darajani hujiuliza watu wamekwenda wapi. Wako ndani, wamelikimbia jua. Jioni ndipo wanapotoka, na moshi wa mishkaki unapanda.

Mimi kilichonishika siku zile za mwanzo nilikikuta Ruwi, kwenye duka la vyakula. Mama mmoja mwenye abaya nyeusi alichukua kichane cha ndizi mbichi, akazibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akamwambia bintiye kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Hizi zishaanza kuiva, hazifai kupika." Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu, umetokea wapi?" Nilipomjibu Tanga, alitaka kujua ni Tanga mjini au Pangani, na kwetu ni nani.

Watu kama mama yule ni wengi Muscat. Kuna familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na mlango wa Oman ukawafungukia hasa baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika madaraka na kuwaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wakati huo Oman nzima ilikuwa na shule 3 za kisasa na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Waliotoka kwetu walikuwa wamesoma, Kiingereza wanakijua, wakapata kazi maofisini, hospitalini na kwenye mafuta. Lakini wengi Kiarabu kiliwapa tabu, na wenyeji wakawaita Wazanzibari hata waliotoka Mombasa au Bujumbura. Walirudi kwenye nchi ya babu zao, wakafika wageni.

Kwa mgeni wa leo, kusikia Kiswahili dukani ni neema kubwa, wala sitaki kuipunguza. Hofu yangu ni kwamba inamlegeza. Anajiona yuko nyumbani, anasahau kuwa kibali chake cha kuishi kimefungamana na mwajiri wake, na kwamba mkataba uliokuja kwa Kiarabu unahitaji kusomewa neno kwa neno na mtu anayemwamini, kabla hajaweka sahihi.

Na wapo wasiofika hata kwenye hilo duka la ndizi. Dada zetu wa kazi za ndani huchukuliwa uwanja wa ndege usiku, wakatiwa ndani ya gari, na baadhi yao Muscat wanayoijua ni jiko na dirisha moja. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna pasipoti zilizozuiliwa, mishahara isiyolipwa, na kazi ya kutwa kucha bila siku ya kupumzika. Waajiri wema wapo, nami nimekaribishwa mezani kwao. Ila wema wa mtu mmoja mmoja haumtoshi binti aliyefika jana na hajui hata jina la mtaa alimolala.

Ndugu zetu mnaotusikiliza huko Muscat, ninyi ambao wazazi wenu walifika hapo wakibabaika kwa lugha, nawaomba. Binti akiingia nyumbani kwenu au kwa jirani yenu, mwambieni mtaa huo unaitwaje. Mwacheni na simu yake na pasipoti yake, ambayo ni mali ya nchi yake. Mwonyesheni ubalozi wake uko wapi. Na Ijumaa moja mchukueni Mutrah, auone mji aliokuja kuishi.