Kina cha Visima Kiandikwe Kabla ya Kuita Mtambo

Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama, Lusu, Wilaya ya Nzega



Kazi yangu ni kukagua vitabu. Leo naomba tuongeze kimoja ambacho sijakikuta katika kabati la chama chochote: kitabu cha kina cha maji.

Chama kimoja nilichokikagua kilitoa akiba ya misimu miwili ili kichimbiwe kisima kirefu. Mtambo ulichimba karibu na ghala, kwa kuwa ndiko gari lilikopita kwa urahisi. Likatoka vumbi la mawe tu. Stakabadhi zote zilikuwepo na hesabu zilikuwa safi, lakini fedha za wanachama zilikuwa zimekwisha.

Zamani, misafara iliyotoka Bagamoyo kuja Tabora iliihofu Mgunda Mkali kwa uhaba wa maji. Kiongozi aliyejua visima vilipo aliokoa watu wake. Sisi nasi tunahitaji ujuzi huo, ila uwe wa maandishi.

Nchi yetu imekaa juu ya miamba mikongwe ya matale. Jiwe zima halihifadhi maji. Maji hukaa katika tabaka la juu lililooza, katika nyufa, na katika mchanga wa mito ionekanayo mikavu wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kisima kimoja hupata maji na jirani yake hukosa. Tena bonde letu halifiki baharini: Mto Manonga huingia Wembere, kisha maji hupita Ziwa Kitangiri kuelekea Ziwa Eyasi, na huko hukaushwa na jua.

Basi kila katibu achukue kamba isiyonyooka ikivutwa, aitie alama za mita na kuifunga uzito. Apime alfajiri, kabla ya watu kuteka, kutoka ukingo wa kisima hadi uso wa maji. Kisha atoe kimo cha ukingo juu ya ardhi. Vyama vyote vipime katika wiki moja, mara mbili kwa mwaka: Mei, mvua zikiisha, na Oktoba, kiangazi kikikomaa.

Lakini kina peke yake hakionyeshi maji yanakoelekea. Tuseme kisima cha kwanza kipo mahali penye mwinuko wa mita 1,180, na maji yako mita 6 chini. Uso wa maji ni mita 1,174. Cha pili kipo mita 1,172, maji yako mita 3 chini. Uso wake ni mita 1,169. Cha pili ni kifupi, lakini maji yake yako chini zaidi. Kwa hiyo maji huelekea huko kutoka cha kwanza, ikiwa mwamba haukuyatenga. Vyama vichangie mpimaji ardhi mmoja apime miinuko ya visima vyote, kisha namba zitiwe katika ramani moja.

Ramani hiyo haitashika nafasi ya wataalamu. Kibali cha kutumia maji ya kisima kirefu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde kwa Sheria ya mwaka 2009, na maji hayana budi kupimwa floridi, iharibuyo meno na mifupa. Lakini mtaalamu akikuta vipimo vya miaka mitatu, hataanza gizani.

Ndugu wanachama, mkutano mkuu usipitishe fedha za kuchimba kabla kitabu hiki hakijasomwa mbele yenu. Kamba ni rahisi kuliko shimo kavu.