Mwito wa Rehema



Twaulizwa imani yetu yaonekana wapi. Twakumbuka Rabai. Shemasi William Jones, mwenyewe mtumwa aliyekombolewa, aliwapokea watumwa waliowatoroka mabwana zao, ijapokuwa jambo hilo liliihatarisha misheni nzima. Mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 walilipiwa fidia, wakapata hati za uhuru. Fedha walitoa wengine. Bali yeye alikuwa amekwisha kuwafungulia mlango, pasipo kujua kama fidia yo yote itapatikana.

Nasi tuna mfuko wa mazishi. Mgeni asiye na jamaa afapo hapa mjini, wengine husema, “Hakulipa ada.” Kweli, hakulipa. Twawaomba wazee mkubali azikwe kwa fedha za mfuko huo, na jina lake liandikwe daftarini pamoja na yetu.