Kula si Kushiba, na Kushiba si Lishe

(Maneno tuliyosema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka vijijini, walipotutembelea katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Asanteni kwa viazi na maharagwe mliyotuletea. Tunajua mmeyatoa penye upungufu.

Kabla hatujaanza, tuna swali moja. Wengi wenu mna mtoto hapa mjini. Anapopiga simu unamwuliza, "Mnakula huko?" Naye anajibu nini? "Tunakula, mama, tuko sawa." Basi unalala usingizi. Leo tunataka kulifungua jibu hilo tuone kilichomo ndani, maana lilitudanganya hata sisi tunaokaa hapa.

Kosa letu

Sisi ni kikundi kidogo cha kujitolea. Tunatembelea nyumba za Kayole, Dandora na Korogocho. Wakati mmoja tulikuwa na unga na maharagwe kidogo ya kugawa, lakini hayakutosha kila mtu. Ikabidi tutengeneze orodha. Tukaenda nyumba kwa nyumba, daftari mkononi, tukiuliza, "Mnakula mara ngapi kwa siku?" Karibu wote walijibu, "Mara tatu." Ah! Tukaona swali halitusaidii. Tukaamua kutumia macho. Nyumba yenye runinga na makochi tukairuka. Nyumba ambayo haina hata kiti tukaiandika juu kabisa.

Kati ya zile tulizoruka palikuwa na nyumba ya bawabu wa usiku. Makochi yalikuwamo, na vitambaa vyake vyeupe, na runinga. Baada ya wiki chache mhudumu wa afya wa jamii alipita akipima watoto mkono kwa utepe. Mtoto wa nyumba ile utepe ukasimama kwenye nyekundu. Tulishtuka. Tulirudi kwa mama yake tukamwuliza kwa upole, "Si ulituambia mnakula mara tatu?" Akasema, "Ndiyo. Asubuhi strungi na andazi. Mchana strungi. Jioni ugali na sukuma kidogo." Hakutudanganya, jamani. Mara tatu ilikuwa kweli. Makochi yale yalinunuliwa zamani, baba alipokuwa na kazi nzuri kiwandani.

Na ile nyumba isiyo na kiti? Ilikuwa ya mama mboga. Hatusemi hakuwa na shida. Alikuwa nazo tele. Lakini jioni watoto wake walikula maharagwe yaliyobaki, parachichi lililolainika, omena, ndizi. Kwa chakula walikuwa mbele ya watoto wa bawabu.

Mtoto yule alipelekwa kliniki akatibiwa, na tunashukuru alipona. Lakini tulijua kwamba sisi tulipita mlangoni pake na unga mkononi. Ndiyo maana tukajifunza kupima.

Chakula cha kutosha ni nini?

Novemba 1996 wakuu wa nchi nyingi walikutana Roma kuzungumza juu ya chakula. Walikubaliana kwamba watu wana usalama wa chakula pale ambapo wote, wakati wote, wanaweza kupata chakula cha kutosha, kilicho salama na chenye lishe, ili waishi maisha ya afya na nguvu. Lipimeni kila neno hapo.

"Wanaweza kupata." Nendeni Marikiti alfajiri mkaone malori ya viazi, kabeji na vitunguu. Chakula kipo Nairobi! Anayelala njaa Korogocho hakukosa kwa sababu ya ukame wa hapo. Amekosa kwa sababu kibarua hakikupatikana leo. Ninyi mnaangalia mbingu. Sisi tunaangalia mfuko.

"Wakati wote." Mwenye mshahara hula vizuri mwanzo wa mwezi, na kufikia tarehe ishirini anakopa dukani. Januari, karo ikilipwa, watu hapa huuita mwezi wa Njaanuari. Ukipima siku ya mshahara utafurahi bure.

"Salama." Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilitoa ripoti kuhusu jalala la Dandora. Madini ya risasi yalionekana kwa wingi kwenye udongo wa pale na kwenye damu ya watoto wengi waliopimwa. Kwa hiyo sukuma ikiwa kijani bado tunauliza imelimwa wapi na kumwagiliwa maji gani.

Vipimo vitatu

Sasa tuje kwenye kazi. Vipimo vipo vingi, na wataalamu wana vyao. Hivi vitatu kikundi chochote kinaweza kuvielewa.

1. Maswali manane. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lina maswali manane yanayoulizwa katika nchi nyingi duniani. Kwa maneno yetu ni haya. Katika mwezi uliopita, kwa kukosa pesa au njia nyingine ya kupata chakula, je: (a) uliwahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula hakitatosha? (b) ulishindwa kula chakula bora chenye lishe? (c) ulikula aina chache tu za chakula? (d) uliruka mlo? (e) ulikula kidogo kuliko ulivyoona yafaa? (f) chakula kiliisha nyumbani? (g) ulisikia njaa lakini hukula? (h) ulikaa siku nzima bila kula?

Mnaona yalivyopangwa? Yanaanza moyoni, yanashuka kwenye sahani, yanaishia tumboni. Njaa haiingii nyumbani kwa kishindo. Inaanza na wasiwasi wa mama anayehesabu unga uliobaki. Kisha nyama na matunda vinaondoka mezani. Kisha mama anasema, "Ninyi kuleni, mimi nimeshiba." Siku nzima bila kula huja mwishoni. Ukingoja siku hiyo ndipo useme hapa pana njaa, umechelewa. Hesabuni majibu ya "ndiyo". Kadiri yanavyoongezeka, ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Bawabu wetu tungemjua kwa swali la tatu tu.

2. Hesabu ya sahani. Mwulize mama alikula nini tangu jana alipoamka hadi alipoamka leo, kila kitu, hata alichoonja barabarani. Kisha panga katika makundi kumi: nafaka, viazi, mihogo na ndizi za kupika, maharagwe, ndengu na kunde, karanga na mbegu, maziwa, nyama, kuku na samaki, omena zikiwemo, mayai, mboga za kijani iliyokolea kama sukuma, mchicha na managu, mboga na matunda ya rangi ya machungwa ndani, kama karoti, malenge na embe bivu, mboga nyingine kama kabeji, na matunda mengine. Chai, sukari na mafuta hayahesabiwi. Vipande viwili vya nyanya vya kukolezea tu, visivyofika kijiko kikubwa, navyo hatuvihesabu.

Wataalamu wanasema mwanamke wa miaka 15 hadi 49 aliyefikisha makundi matano au zaidi ana nafasi nzuri zaidi ya kupata vitamini na madini anayohitaji. Hebu mhesabuni mke wa bawabu. Andazi na ugali ni kundi moja. Sukuma ni la pili. Basi. Mbili! Na alikula mara tatu, tena jioni alilala tumbo limejaa. Lakini angalieni: siku moja haimhukumu mtu mmoja. Huenda jana alikuwa msibani. Kipimo hiki ni cha kundi. Kati ya wanawake wa kikundi chenu, ni wangapi wamefikisha tano? Mkirudia miezi mitatu baadaye, wameongezeka au wamepungua?

3. Utepe wa mkono. Huu ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Hupimwa katikati ya mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu: mtoto yuko hatarini, apelekwe kliniki leo, si kesho. Kati ya 11.5 na 12.5 ni manjano: ana upungufu, naye apelekwe aangaliwe. Kuanzia 12.5 ni kijani. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe upesi hata kama utepe unasema kijani. Mwombeni mhudumu wa afya wa eneo lenu awafundishe; usipime kwa kubahatisha.

Maswali huonya mapema, sahani huonyesha ubora, utepe husema mwili umeshaumia. Anayetumia utepe peke yake ni kama anayengoja moshi ndipo aamini kuna moto.

Adabu ya kuuliza

Kipimo kizuri mikononi mwa mtu asiye na adabu huleta uongo. Tulijifunza hivi.

Usiulize mbele ya majirani. Plot zetu zina kuta nyembamba, na hakuna mama atakayetangaza kwamba watoto wake walilala na strungi. Kaeni wawili, ongeeni polepole.

Usiulize ukiwa umebeba gunia. Watu wakiona unga watakujibu kwa ajili ya unga. Na usiahidi kitu usicho nacho.

Mwulize anayepika. Baba anajua alichokula yeye. Mama anajua kilichobaki kwenye sufuria, na nani alikosa.

Usisahau cha nje. Hapa mjini watu hula githeri, chapati na samaki wa kibandani. Aliyekula mchana kazini na watoto waliobaki nyumbani si tumbo moja.

Tumia maneno yale yale kila nyumba, na urudi. Ukipima mara moja umepiga picha tu. Tena jina la mtu lisitoke kwenye daftari. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wahenga walisema, lakini haki ya kumtangaza hana.

Tukishapima, halafu?

Mtasema, "Hesabu haipikwi ikaliwa." Kweli. Lakini hesabu hufungua mdomo wa mnyonge. Utafiti wa Korogocho na Viwandani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba ni nyumba moja tu kati ya tano iliyokuwa na usalama wa chakula, na karibu nusu zilikuwa na njaa iliyogusa watu wazima na watoto pia. Kabla ya hapo wengi walidhani njaa ni ya Turkana na Mandera, na kwamba aliye mjini ameponea. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Ukienda baraza na Katiba bila hesabu, utasikilizwa na kuagwa. Ukienda na vyote viwili, ni vigumu kukurudisha. Mwaka 2023 kaunti ya Nairobi ilianzisha chakula cha mchana shuleni, mtoto akilipa shilingi 5. Nasi tuna la kuuliza: watoto wasiofika shule, walio chini ya miaka mitano, utepe unasemaje?

Na ndani ya kikundi hesabu hubadilisha kazi. Kama wengi wamekosa maharagwe na karanga, chama kinunue gunia pamoja, wagawane kwa kibaba. Kama wamekosa mboga, gunia la udongo mlangoni laweza kuotesha sukuma na mchicha, udongo ukiwa safi. Kama pesa ndiyo hakuna, basi tatizo ni kazi, na semina ya lishe peke yake itakuwa kumfundisha mtu kupika chakula asichokuwa nacho.

Neno la mwisho kwenu

Ninyi mkirudi nyumbani, msidhani jambo hili ni la mjini tu. Mwenye shamba la mahindi anaweza kuwa na ghala limejaa na sahani ya makundi mawili. Wako wanaouza mayai yote na maziwa yote ili wanunue unga na sukari. Jipimeni kwanza ninyi wenyewe, kwenye mkutano wenu ujao. Kila mtu ahesabu alichokula jana, kimya, kwenye kikaratasi kisicho na jina. Kusanyeni, jumlisheni, mtazamane. Sisi tulipofanya hivyo, wagawaji wa unga, ilibidi tucheke kwa aibu. Wengine wetu hatukufika tano.

Na mtoto akikupigia simu kutoka Nairobi, usimwulize tena, "Mnakula?" Mwulize, "Jana jioni mlikula nini? Na mchana? Na mtoto je?" Kisha ngoja. Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, umeshapima.

Chakula kiko tayari. Njooni tule, halafu tuhesabu.