Mkono uinuke kabla ya kupanda boti

Maneno ya timu yetu ya mitaani kwenye mkutano mkuu wa chama, Kalemie



Tumepewa nusu saa tuseme juu ya tiba ya mionzi kwa mama aliyepasuliwa titi kwa sababu ya kansa. Tutachanganya Kiswahili cha hapa kwetu na kile tulichookota Lugufu na Nyarugusu, mutuvumilie.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mama wa kwanza ambaye chama kilimvusha ziwa kwenda kutafuta mionzi yuko hapa, ameketi kati yenu, na ametuambia tusimulie ila jina tuliache. Alikuwa amekatwa titi la kushoto pamoja na matezi ya kwapa. Kidonda kilikuwa kimefunga vizuri. Tulichanga, tukapata hati ya kusafiri, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano na barua ya munganga. Akapanda boti mpaka Kigoma, toka Kigoma akapanda basi. Sisi huku tukashangilia kana kwamba kazi imekwisha.

Siku ya kupimwa, kabla ya mionzi yenyewe, walimlaza juu ya meza wakamwambia aweke mkono wa kushoto juu ya kichwa. Mkono ukafika kwenye bega ukakataa. Wakamsaidia polepole, ukakataa. Mionzi inaelekezwa kifuani na karibu na kwapa, kwa hiyo mkono lazima utoke njiani, na lazima ukae vilevile kila siku mpaka mwisho wa tiba. Mkono usipoinuka, hawawezi kuanza. Wakamrudisha kwenye mazoezi. Akakaa siku 19 akinyoosha mkono, na hizo siku 19 zilikula pesa ya chumba tuliyokuwa tumeihesabia tiba. Wiki ya mwisho alikula kwa mkopo, sisi tukipiga simu huku na kule kwa watu tuliokaa nao kambini, tukiomba. Tiba alimaliza, Mungu ni mwema. Lakini lopitali haikukosea. Sisi ndio tulimtuma bila kumwambia habari ya mkono, juu sisi wenyewe hatukuijua.

Kosa la pili lilikuwa la karatasi. Ripoti ya upasuaji na majibu ya kile kinyama walichopima yalikuwa kwa Kifaransa, mwandiko wa haraka. Huko Tanzania waganga wanasoma Kiingereza. Zikapita siku mbili nyingine kumtafuta wa kutafsiri. Tangu siku ile, hakuna mama anayeondoka Kalemie bila tafsiri iliyopigwa mashine, na kwenye ukurasa wa kwanza tunaandika kwa herufi kubwa: KUSHOTO au KULIA.

Sasa, wengi wanatuuliza: titi limeshakatwa, mionzi ya nini tena? Hata wababa wa nyumba wanauliza, na si swali la ujinga. Munganga anaondoa kile anachokiona na kukigusa. Mbegu ndogondogo za kansa zinaweza kubaki kwenye ngozi ya kovu, kwenye kifua au kwapani, na jicho halizioni. Mionzi inazifuata pale pale ili ugonjwa usirudi mahali ulipotoka. Si kila mama anahitaji. Inategemea uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi gani, kama matezi ya kwapa yalikuwa yameingiliwa, na kama titi liliondolewa lote ao nusu. Aliyekatwa sehemu tu, titi likabaki, mara nyingi ataambiwa aende. Kama kuna sindano za kemo, kwa kawaida mionzi inangoja zikwishe. Lakini kungoja ni kwa kupangwa na munganga. Kungoja mpaka mavuno, mpaka mtoto amalize mtihani, mpaka bwana arudi toka kwenye machimbo, hiyo ni kuupa ugonjwa nafasi.

Mashine hapa Kalemie hatuna, wala jimbo zima la Tanganyika halina. Wanachama wetu wengi wanachagua Tanzania, kwa ajili ya lugha na ndugu waliobaki. Kuna Ocean Road pale Dar es Salaam, ufukweni mwa bahari, na kuna Bugando pale Mwanza, ambako toka Kigoma ni karibu zaidi. Reli ya Kigoma mpaka Dar ni karibu kilomita 1,250, na mtu mwenye kovu bichi anazihisi zote. Waliorudi toka kambi za Zambia wanaijua zaidi njia ya Lusaka, ambako lopitali ya kansa ilifunguliwa mwaka 2007. Kigali nako kuna mashine tangu 2019, pale lopitali ya kijeshi ya Kanombe. Hatumwambii mtu aende wapi. Tunamuuliza: una nani kule wa kukufungulia mlango saa mbili za usiku?

Kuna woga mwingine hatuwezi kuuruka. Sisi ni watu wa Katanga ya zamani. Jimbo letu lilijitenga mwaka 2015 tu, na kila mtu hapa amesikia Shinkolobwe, ule mgodi ambao uranium yake ilitumika kutengeneza bomu la Hiroshima. Ukimwambia mama wa Kalemie neno «mionzi», anafikiria hilo. Mmoja alituambia: «Mukinirudisha hapa, batoto banaweza kulala na mimi?» Ndiyo, mama, watalala na wewe. Hii mionzi ya mashine ya nje inapita, haibaki mwilini. Ukitoka kwenye kile chumba unapika, unabeba mjukuu, unakula sahani moja na watu wako. Nywele za kichwa pia hazitoki kwa mionzi ya kifua. Zinazotoa nywele ni sindano za kemo. Jambo moja tu ni la lazima: usiwe na mimba, na ukiwa na mashaka sema kabla ya kipimo, hata kama ni haya kusema.

Haya yote tunaweza kuyasema sisi, wenye diploma za chuo kikuu na jile za shirika. Lakini kati yetu hakuna hata mmoja aliyewahi kulala juu ya ile meza, na wamama wanajua. Tulikuwa tunaenda nyumbani kwa mgonjwa, tunaeleza saa nzima, anaitikia «ndiyo, ndiyo», na tukitoka anamuuliza jirani. Ndiyo maana sasa kila mama anayejitayarisha tunampa yaya wake, mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Yaya anakuja bila jile, bila karatasi za kusaini. Wanachambua sombe pamoja. Katikati ya sombe ndipo maswali yanatoka.

Yaya anasema mambo ambayo hatukuyajua. Kwamba chumba kina baridi, uchukue soksi. Kwamba utavua sehemu ya juu mbele ya kijana wa kiume umri wa mwanao, naye hakutazami wewe, anatazama mistari. Kwamba watakuchora alama, nyingine za wino, pengine vidoti vidogo vya sindano, na za wino usizisugue kwa sabuni juu ndizo ramani yao. Kwamba wote watatoka, mlango utafungwa, utabaki peke yako na mashine inayonguruma, lakini wanakuona na kukusikia toka nje. Kwamba haiumi. Dakika chache, umekwisha. «Mimi nilikuwa nahesabu wajukuu,» mmoja aliwaambia wenzake. «Nikiwamaliza, narudia, na kabla ya kuwamaliza mara ya tatu wananiambia mama amuka.»

Na yaya ndiye mwenye ukuta. Tueleze hili, maana wafadhili waliotembelea nyumba zetu waliuliza kwa nini kuta zimechorwa mkaa. Mama anasimama karibu na ukuta, anautazama, anaweka vidole vya mkono wa upande uliopasuliwa, kisha vidole vinapanda kidogo kidogo kama mdudu. Pale vinapokwama, yaya anachora mstari na kuandika siku. Kesho yake tena. Kuvutika ni kawaida. Maumivu makali, hapo unaacha. Kupanda juu hivi hakuanzi mpaka munganga aliyepasua akubali, mrija wa maji umeshatolewa na kidonda kimefunga. Kabla ya hapo ni kufungua na kufunga ngumi, kukunja kiwiko, kuchana nywele taratibu. Mara chache kila siku inashinda mara nyingi siku ya Jumapili tu. Nyumba moja watoto walianza kushindana na mama yao kwenye ukuta uleule, na tunafikiri wale watoto walifanya kazi kuliko sisi wote. Mkono ukivimba, ukiwa wa moto ao mwekundu, mazoezi yanasimama na mama anaenda lopitali siku hiyo hiyo.

Wababa, hapa tunasema na ninyi. Ile bidoni ya lita 20 toka ziwani si zoezi. Kubeba uzito kunarudi polepole, munganga akikubali, na kwa miezi ile kuna watu wengine nyumbani wenye mikono miwili mizima.

Juu ya ngozi tutasema kwa ufupi. Mahali pa mionzi patakuwa peusi zaidi ao pekundu, patawasha, pengine patachubuka, zaidi kwapani na chini ya titi lililobaki. Mara nyingi inazidi wiki moja ao mbili baada ya tiba kwisha, wakati mama ameshafika nyumbani na hakuna wa kumuuliza. Maji ya vuguvugu, sabuni laini, kukausha kwa kugusagusa, kikwembe cha pamba kilicholegea, jua lisipapige. Mawese, majani ya kusaga, majivu na kukandwa kwa maji ya moto, vyote hapana. Mama wakubwa wetu wanakanda kwa upendo, tunajua, lakini ngozi ile imeshaungua. Na uchovu unakuja pole pole, unazidi kuelekea mwisho. Si uvivu, na si dalili kwamba ugonjwa umerudi.

Tufike kwenye pesa. Mionzi inatolewa Jumatatu mpaka Ijumaa, kila siku kidogo. Wengi wanapewa mara 15, ni wiki 3, ao mara 25, ni wiki 5. Tulipopanga bajeti ya kwanza tuliandika hizo wiki tu. Hatukuandika foleni, kipimo, siku za kupanga, wala siku mashine imelala. Na mashine zinalala. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, pale Mulago, ilikufa kabisa, na mpya ilizinduliwa rasmi mwanzoni mwa 2018. Katikati hapo watu walitafuta njia mpaka Nairobi. Kwa hiyo hesabu ya mtu wa Kalemie haiwezi kuwa ya kubana.

Kanuni ya mfuko wetu inaruhusu nauli na malipo ya lopitali. Chumba na chakula haimo, na nauli ni ya mtu mmoja. Kwenye mkutano uliopita mzee mmoja wetu alisema pesa ya kumvusha mama mmoja ingelipia shule ya watoto wengi wa wanachama. Tulikaa na maneno yake. Hesabu yake si ya uongo, na hatuna hesabu nyingine ya kuifuta. Tunachosema ni hiki: kumpeleka mtu nusu ya njia ni kupoteza pesa yote na kubaki na mgonjwa. Kama chama kinaona hakiwezi, tuambiane hapa tusimpe mtu tumaini la boti. Kama kinaweza, basi kanuni iseme nauli ya wawili, mama na mwenzake, chumba, na bukari ya wote wawili kwa wiki za tiba na wiki 3 juu yake. Wafadhili, tunajua risiti ya mashine inapendeza kwenye ripoti kuliko risiti ya chumba cha kupanga. Tutawaletea zote.

Yuko mama mmoja anayesubiri. Kemo amemaliza, kidonda kimepona, barua yake imetafsiriwa, kadi ya njano anayo. Bwana yake alikubali baada ya yaya kwenda mara tatu, na dada ya bwana atakuja kupikia watoto. Jumapili iliyopita vidole vyake vilipita mstari wa juu kabisa, ule wa yaya mwenyewe. Lopitali imempa siku ya kupimwa. Mfuko leo una nauli yake na chumba cha wiki 3 cha mtu mmoja. Karatasi za kura ziko kwa mwekahazina.