Yatima Mwenye Baba: Kuwatafuta Wazee Wetu Waliolelewa Katika Makao ya Watoto

(Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi ya kambi, iliyotolewa mbele ya wakazi na wageni katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya familia, nami nimechagua sehemu moja tu. Kila mwaka wazazi wawili watatu hunijia shuleni na swali lilelile: "Mwalimu, baba yangu alilelewa katika makao ya yatima kule Jinja." Mwingine atasema Mbale. "Tuanzie wapi kutafuta ukoo wake?" Na kabla sijajibu, huongeza wenyewe: "Lakini alikuwa yatima, kwa hiyo hakuna mtu." Ndugu zangu, hiyo "kwa hiyo" ndiyo ninayotaka tuiangalie leo.

Neno yatima lina maana zaidi ya moja. Katika sheria ya Kiislamu, ambako Kiswahili kililipata neno hili, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba. Katika mazungumzo yetu ya kila siku ni aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Waganda na Wasoga husema mulekwa, yaani aliyeachwa na marehemu. Sisi tuliotoka Kongo twasema etike kwa Kilingala. Lakini katika vitabu vya makao mengi neno hilo lilikuwa na maana pana kuliko hizo zote: lilikuwa mtoto aliyepokelewa, basi. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilitoa taarifa kwamba duniani, katika kila watoto watano walioko katika makao ya yatima, wanne wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Ikiwa ndivyo ilivyo zama zetu, tusiamini upesi kwamba babu zetu walikuwa hawana mtu.

Mtoto mwenye mzazi alifikaje huko? Nitataja njia tatu.

Njia ya kwanza ni maziwa. Zamani mama akifariki katika uzazi, mtoto mchanga alikuwa hatarini kumfuata. Ndiyo maana wamisionari walifungua makao ya watoto wachanga, kama Sanyu pale Mengo, Kampala, mwaka 1929. Baba alimleta mtoto akiwa na nia ya kumchukua akishaanza kutembea na kula ugali. Sasa fikirini Jinja ya wakati huo. Watu walitoka Rwanda, Kongo, Kenya na Sudan kutafuta kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira, katika ujenzi wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, na baadaye katika kiwanda cha nguo cha Nyanza. Kibarua aliyefiwa na mke alikuwa mbali na mama yake na dada zake. Angemwachia nani mtoto wa siku tatu? Mkataba ulipokwisha alihamia kazi nyingine, na barua hazikumfikia.

Njia ya pili ni amri ya serikali. Hili lilitokea kwetu, Kongo, na pia Rwanda na Burundi, chini ya Wabelgiji. Watoto waliozaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu walichukuliwa kwa mama zao na kupelekwa kwa masista. Save, kusini mwa Rwanda, ilikuwa moja ya sehemu hizo, na uhuru ulipokaribia wengi wao walisafirishwa hadi Ubelgiji. Mama zao walikuwa hai, na walijulikana kwa majina na vijiji. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi bungeni. Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliamua kwamba kuwachukua wanawake watano waliofungua kesi, walipokuwa watoto wa chini ya miaka saba, kulikuwa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, na ikaamuru kila mmoja alipwe euro 50,000. Karatasi za serikali zenyewe zilisaidia kuwapa ushindi. Tukumbuke hilo: karatasi iliyomtenga mtoto inaweza kuwa ndiyo inayomrudisha.

Njia ya tatu ni vita na njaa. Wazee waliokuwa Goma mwaka 1994 wanakumbuka vituo vya watoto waliotenganishwa na familia. Wengi walipotea kweli katika msafara. Lakini baadhi waliachwa hapo na wazazi wao kwa makusudi, kwa sababu kituoni kulikuwa na uji na dawa, na nje kulikuwa na kipindupindu. Mzazi yule hakumtupa mtoto, alimtafutia uhai.

Ndugu zangu, nizungumze kidogo juu ya nyumba yetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema ana ndugu "aliyebaki Jinja". Baba yao alikuwa kibarua huko, mke wa pili akafariki katika uzazi, mtoto akapelekwa misheni. Mzee alirudi Kongo akiwa mgonjwa, akafia huko. Nilipokuwa chuo cha ualimu upande wa Mbale, nilitumia likizo kutafuta. Katika kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1950 nilimkuta. Pembeni pameandikwa yatima. Lakini katika safu ya baba pana jina la babu wa mama yangu, limekosewa herufi mbili, na mbele yake: kibarua, Jinja. Kurasa zilezile zilionyesha jina la msimamizi wa ubatizo, mwanamke wa Kigisu. Kwa jina hilo nilifika kijiji kimoja chini ya Mlima Elgon, na huko nikakuta wajukuu wa yule mtoto. Mwenyewe alikuwa ameshafariki. Alikuwa amezikwa katika shamba la watu waliomlea, nao walikuwa wakigombana na majirani kama watoto wake wana haki ya kukaa hapo, kwa kuwa "mtu asiye na ukoo".

Hapo ndipo ninyi mtaona kwamba jambo hili si la kuridhisha udadisi. Bila ukoo mtu hajui azikwe wapi, arithi nini, wala hajui kama mchumba wake ni ndugu yake.

Basi tuanzie wapi? Kwanza, mzee akiwa hai muulizeni leo, si kesho. Usiulize "ulizaliwa mwaka gani". Uliza wimbo aliokuwa akiimbiwa, chakula walichokatazwa, jina la utani, kabla ya ubatizo aliitwa nani. Kwa Wasoga jina na mwiko hueleza ukoo. Kwa Wagisu uliza alitahiriwa imbalu ya mwaka gani, maana imbalu hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kila kundi lina jina lake.

Pili, jueni vitabu vilikokaa. Mipaka ya makanisa ilibadilika. Mashariki ya Uganda ilikuwa chini ya Mapadre wa Mill Hill, makao yao makuu yakiwa Nsambya, Kampala. Dayosisi ya Katoliki ya Jinja ilianza mwaka 1966 tu. Kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Jinja kabla ya hapo, ulizeni parokia yenyewe, kisha ulizeni Kampala. Upande wa Mbale, ulizeni pia Tororo. Waanglikana nao wana vitabu vyao.

Tatu, someni ukurasa wote. Neno yatima lisiwazuie. Tazameni safu ya baba, ya mama, ya msimamizi, na jina la aliyemleta mtoto. Majina yaliandikwa na mgeni kama alivyoyasikia. Yasomeni kwa sauti, sikio litatambua kile ambacho jicho limekikosa. Nne, nendeni Msalaba Mwekundu. Huduma yao ya kutafuta ndugu hailipiwi.

Sasa niseme la leo, na hapa naongea na wazazi pamoja na wafanyakazi wa mashirika. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa wengi wetu mwaka 2023, nimeona madawati yakibaki matupu darasani. Nikiuliza, naambiwa mtoto amepelekwa "kwenye makao mjini, huko atasoma bure". Simlaumu mzazi yeyote. Nimetoka kusema juu ya Goma. Lakini sheria ya watoto ya Uganda inataka makao yawe mahali pa mwisho na pa muda. Kabla mtoto hajaondoka, mzazi ajue ni makao gani, kama yamesajiliwa, na afisa ustawi wa jamii wa wilaya awe na habari. Mzazi abaki na karatasi yenye jina la makao, na makao yabaki na karatasi yenye jina la mzazi, kijiji cha asili, ukoo, na namba ya familia ya hapa kambini. Mtoto mwenyewe afundishwe majina ya babu na bibi mpaka ayaseme bila kusita. Mimi hulifanya hilo darasa la kwanza, kabla ya kuhesabu hadi mia.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, ombi langu ni dogo. Katika fomu zenu msiandike yatima peke yake. Andikeni: mama amefariki, baba yu hai, alionekana mara ya mwisho mahali fulani. Ni mstari mmoja wa wino. Kwa mjukuu atakayekuja kuutafuta miaka sitini baadaye, mstari huo ni nyumba nzima.